Vocha ya nyumba Chicago: zimebaki siku 41 na wenye nyumba wanakataa

Mwana_wa_Ziwa: Wakuu, naomba ushauri. Familia ya watu 5 ina vocha ya vyumba 3 (msaada wa serikali unaolipa sehemu ya kodi) kutoka CHA, mamlaka ya nyumba ya Chicago, na zimebaki siku 41 muda wa kutafuta nyumba uishe. Mapato yao baada ya makato ya programu ni dola 2,000 kwa mwezi. Wanatafuta Rogers Park au Albany Park, mitaa ya kaskazini mwa jiji, lakini wenye nyumba wakisikia neno vocha wanasema "hatuchukui programu", na mmoja anataka mapato yawe mara 3 ya kodi. Kusini na magharibi mwa jiji nyumba zinapatikana upesi. Wachukue ya upesi au waendelee kutafuta?

Hesabu_Kwanza: Mkuu, waanze na bei. 30% ya 2,000 ni 600, huo ndio mchango wao. Tuseme kiwango cha malipo cha vyumba 3, yaani kodi ya juu ambayo CHA huitumia kupiga hesabu ya vocha, ni dola 2,000 (waulize cha kila mtaa, havifanani). Nyumba ya 1,900 watatoa 600, vocha italipa 1,300. Ya 2,150 watatoa 600 pamoja na ile 150 iliyozidi, jumla 750. Ya 2,250 ingekuwa 850, na hapo ombi litakwama: kwa kanuni ya taifa, nyumba ikizidi kiwango, mpangaji anayeingia haruhusiwi kulipa zaidi ya 40% ya mapato hayo, yaani 800.

Wengi hukosea kwa kutazama kodi peke yake. Hesabu inajumlisha pia makadirio ya gesi na umeme unaolipa mwenyewe. Kwa baridi ya Chicago, nyumba ya 1,950 ambayo mwenye nyumba analipia joto huweza kuwa nafuu kuliko ya 1,800 ambayo gesi ni juu yako.

Haki_Mkononi: Kukataa mtu kwa sababu ya vocha ni kuvunja sheria Illinois. Sheria ya jimbo inalinda chanzo cha mapato tangu Januari 2023, na Chicago ilikuwa na sheria yake kabla ya hapo. Sheria ya makazi ya taifa ya 1968, pamoja na marekebisho yake, inataja rangi, asili, dini, jinsia, ulemavu na kuwa na watoto, vocha haimo. Kwa hiyo shauri la vocha liende tume ya jiji au idara ya haki za binadamu ya jimbo. Ukiona ni rangi au asili, HUD, wizara ya nyumba ya taifa, inapokea malalamiko ndani ya mwaka 1.

Wasiishie kwenye simu. Watume ujumbe: "Nyumba bado ipo? Tuna vocha ya CHA." Wahifadhi picha ya tangazo yenye bei na tarehe. Huyo wa mara 3 wamwandikie apige hesabu kwa 600 wanayolipa wao: mara 3 ni 1,800, na mapato yanafika.

Ramani_ya_Jiji: Msione uwingi wa nyumba kusini na magharibi kuwa bahati tu. Miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, ikanyimwa mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali. CHA nayo ikarundika maghorofa yake humo humo, mpaka kesi ya 1966 ya Dorothy Gautreaux, mpangaji wa CHA aliyeishtaki kwa ubaguzi, ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1976. Vocha bado zinafuata mikondo ile ile.

Umri wa watoto ni jambo zito hapa. Katika jaribio la serikali lililoanza 1994 kwenye majiji 5, Chicago likiwemo, watoto waliohamia mitaa yenye umaskini mdogo kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa takriban 31% walipokuwa watu wazima. Kama wana wadogo, ningevumilia. Waulize CHA kuhusu maeneo ya Mobility, yaani mitaa yenye umaskini mdogo, ambako kiwango cha malipo huweza kupanda.

Mwana_wa_Ziwa: Asanteni sana. Wana wa miaka 4, 7 na 11. Na wakihamia Texas kwa ndugu?

Haki_Mkononi: Vocha inahamishika, ila kama hawakuwa wakazi wa eneo la CHA walipoomba, wanaweza kuambiwa wakae kwanza miezi 12. Tena Texas tangu 2015 inakataza miji kuwalinda wenye vocha, isipokuwa maveterani wa jeshi. Huko mwenye nyumba akikataa vocha, amekataa.

Mkaguzi_Mstaafu: Wakipata nyumba, fomu ya RFTA, ya kuomba CHA iidhinishe nyumba hiyo, ipelekwe siku hiyo hiyo. Wasihamie kabla ukaguzi haujapita, maana malipo ya CHA hayaanzi. Wapitie wenyewe kwanza: king'ora cha moshi, maji ya moto, kufuli za madirisha. Mtoto wa miaka 4 yumo, basi nyumba ya kabla ya 1978 yenye rangi inayobanduka itakwama kwenye ukaguzi kwa hofu ya sumu ya madini ya risasi iliyomo kwenye rangi. Mwenye nyumba akiomba nyongeza ya pembeni wakatae, wanaweza kupoteza vocha.

Na ombi la kuongezewa siku waliandike sasa, si siku ya 40, wakiambatanisha orodha ya nyumba walizokataliwa pamoja na tarehe zake.