Mfuko wa Luxembourg wenye hisa za Nairobi: mwangalizi awe nani?

Mchanganuzi_Dar: Wakuu, kuna mfuko wa UCITS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaofuata sheria za Umoja wa Ulaya) umesajiliwa Luxembourg, na sehemu ya fedha zake inanunua hisa Soko la Nairobi. Meneja anataka benki ya Nairobi iwe mwangalizi wa mfuko (anayetunza mali zake na kuufuatilia) moja kwa moja ili kupunguza gharama. Sheria inaruhusu? Na hisa zikipotea huko, nani analipa?

Vitabu_na_Vipande: Hairuhusu, mkuu. Mwangalizi wa UCITS lazima awe na ofisi katika nchi ile ile uliposajiliwa mfuko. Benki ya Nairobi inaingia kama kastodiani (mtunza hisa) mdogo tu, kwa kukasimiwa utunzaji wa hisa. Kazi za kufuatilia fedha zinavyoingia na kutoka, na kuhakiki namna bei ya kipande (sehemu ya mwekezaji katika mfuko) inavyokokotolewa, hazikasimiwi.

Kuhusu malipo, Direktivu 2014/91 (agizo la kisheria la Umoja wa Ulaya), iliyoanza kutumika Machi 18, 2016, haina mzaha. Hisa zikipotea kwa kastodiani wa Nairobi, mwangalizi wa Luxembourg ndiye anayerudisha hisa za aina ile ile au thamani yake, bila kuchelewa. Ananusurika akithibitisha tu kwamba ni tukio la nje lisilozuilika hata kwa kila juhudi, na mkataba hauwezi kumvua jukumu hilo. Sakata la Madoff la 2008, utapeli mkubwa wa uwekezaji Marekani, ndilo lililosukuma ukali huu. Bei ya hisa kushuka sokoni si kupotea. Hiyo ni hasara ya mfuko.

Kastodi254: Matatizo mengi huanzia kwenye jina la akaunti ya CDSC (hifadhi kuu ya hisa ya Kenya). Ikifunguliwa kwa jina la benki pekee, bila maneno yanayoonyesha kuwa ni mali ya wateja, benki ikifilisika mfilisi anaweza kuzihesabu hisa kama za benki. Kwa hiyo kabla ya kusaini, dai maoni ya kisheria ya wakili wa Kenya kuhusu ufilisi, uthibitisho kwamba benki ina leseni, mtaji na usimamizi wa kweli, pia ukaguzi wa nje wa mara kwa mara kwamba hisa zipo mikononi mwake.

Halafu linganisheni vitabu. Nairobi malipo hukamilika siku ya tatu baada ya biashara. Luxembourg ikiandika hisa siku ya biashara na Nairobi siku ya malipo, kila ripoti itaonyesha pengo lisilokuwepo, na watu wakilizoea pengo la uongo hawatalishtukia la kweli. Hisa za bonasi nazo huleta mkanganyiko huo huo.

Mchanganuzi_Dar: Shukrani. Na gawio likikaa Nairobi kwa shilingi?

Kastodi254: Hapo kinga ni dhaifu. Fedha taslimu hazimo katika kanuni ile ya kurudisha. Benki ikianguka, mfuko unapanga foleni na wadai wengine. Weka agizo la kudumu la kubadilisha na kuhamisha gawio mara likiingia.

Vitabu_na_Vipande: Meneja asije akaishikilia Direktivu 2024/927. Ruhusa yake ya kuweka mwangalizi nje ya nchi ya mfuko inagusa mifuko mbadala (ile isiyo ya UCITS) tu, na kwa nchi ambazo soko lao la uangalizi halizidi euro bilioni 50. Luxembourg iko mbali juu ya hapo. Na hata ruhusa hiyo ni ya kumtafuta mwangalizi katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, si Nairobi.