Tupeane uzoefu: wa Kigoma, tangu rambo (mifuko ya plastiki) zipigwe marufuku mnabebea nini samaki?

Wakuu, habari za huko. Marufuku ya rambo Bara ilianza Juni 1, 2019, lakini soko la Mwanga ubishi bado uko palepale. Naona wanaoisifia sana ni wanunuzi wa vitu vikavu. Nataka kuwasikia wenye vitu vya majimaji. Karibuni.

MUUZA DAGAA, KIBIRIZI: Dagaa mkavu hana shida, mteja anakuja na kiroba chake. Shida ni mbichi. Mfuko mbadala unavuja, ukipanda nao bajaji jirani yako anashuka ananuka samaki. Tukakimbilia vile vifuko vya plastiki vilaini visivyo na mikono, 2021 navyo vikakatazwa kutumika kama vibebeo. Sasa wateja wangu wanakuja na ndoo za mfuniko. Mtihani ni wasafiri wa treni: amekuja mikono mitupu, anataka migebuka ya kupeleka nyumbani, na treni haimsubiri mtu.

MAMA WA UJIJI: Mie kapu langu la ukindu, chini natandika jani la mgomba. Nyama haijawahi kunichuruzikia.

MWENYE DUKA, MWANGA: Hongera mama, ila wenye makapu ni wachache. Mimi nikikutwa nauza rambo, faini ni laki moja hadi laki tano. Mwenye kiwanda anaanzia milioni 20 hadi bilioni moja. Kwenye karatasi safi kabisa, ila tuambizane ukweli, kati yetu nani anatembelewa na wakaguzi mara kwa mara? Halafu mikate inaletwa dukani imevaa plastiki kutoka kiwandani, na ni halali.

MVUVI, KATONGA: Mnaolalamika njooni huku Ziwa Tanganyika. Zamani wavu ulitoa rambo kabla ya samaki. Siku hizi zimepungua, zimebaki chupa za maji. Na sio kwamba watu wamestaarabika, ni faini: ukikutwa nayo tu, elfu 30 hadi laki mbili, au ndani hadi siku saba. Hizo chache zinazoelea, ziwa hili ni la nchi nne, utajuaje imetoka Uvira, Bujumbura au hapahapa Kibirizi?

MLETA MADA: Nimekusoma mzee wangu. Na wauza mawese mbona kimya?

MUUZA MAWESE: Sisi ni madumu tangu enzi za babu, mkuu. Hili halituhusu.