Kutazama ndege na watoto wa miaka 6–7 majira ya kuchipua

Mwalimu_D1: Habari wakuu. Nina watoto 28 na darubini 6. Tutoke saa ngapi, na nifanyeje wasiwatimue ndege wote mara tu tukifika?

Shorewanda: Karibu, mwalimu. Tokeni asubuhi mapema, maana jua likishapanda madume hupunguza kuimba. Wahini pia kabla majani hayajaziba matawi. Gawa makundi matano, kila moja na mtu mzima wake, na jua liwe mgongoni. Mkilielekea, ndege ataonekana kivuli cheusi tu. Anzeni na masikio: mtoto afumbe macho, ainue ngumi, na kila akisikia sauti mpya akunjue kidole kimoja. Dakika moja inatosha. Wanakaa kimya kwa sababu wanahesabu, si kwa sababu wamekemewa.

Lenzi: Kwenye darubini, shida ni kwamba macho ya watoto yamekaribiana, na nyingi za watu wazima hazikunjiki kiasi hicho. Mtoto anaona duara mbili, halafu anakuambia "nimemwona" ili akuridhishe. Mpime: asome maandishi ya mbali. Zinazokuza mara 6 zinawafaa kuliko za mara 10, ambazo picha hutetemeka mno mikononi mwao. Kamba shingoni kwanza, ndipo umkabidhi. Macho yasimwache ndege. Darubini ndiyo ipande machoni. Na asiielekeze juani kamwe!

Mzee_Kiota: Msielekezane kwa saa, yaani kuchukulia mbele yenu kama uso wa saa na kutaja namba aliko ndege. Ukisema "saa tatu", mmoja atatazama kulia kwenye 3, mwingine kushoto ulipo mshale wetu, kwenye 9. Sema "tawi la pili kutoka chini, karibu na shina".

Tafadhali sana, mkimwona ndege ameshika kiwavi ambaye bado anajipinda, hammezi, anarukaruka tawini akilia, basi mmesimama karibu na kiota chake. Rudini nyuma mara moja, makinda wanasubiri. Wala usicheze sauti za ndege kwa simu. Dume hudhani mpinzani amevamia eneo lake, anaacha kazi zake kumtafuta.

Mwalimu_D1: Asanteni. Tukimkuta kinda chini?

Mzee_Kiota: Kama ana manyoya na anarukaruka, mwacheni, wazazi wako jirani. Akiwa uchi na kiota kinafikika, mtu mzima amrudishe. Mama hatamkataa kwa harufu ya mkono.