Kikundi cha familia: WAJUKUU WA MVUMI 🌾

Mjomba Yona: Mbukwenyi. Nimefika Mvumi salama. Mvua hakuna, vumbi tele. Bibi yenu anawasalimu.

Neema: Shikamoo mjomba. Vipi ile simu mpya, anaifurahia?

Mjomba Yona: Marahaba. Ipo kabatini, imefunikwa kitambaa kama sahani za wageni.

Baraka: 😂😂

Neema: Jamani! Na tulivyochangishana!

Mjomba Yona: Anasema haimsikii. Nikadhani ananitania, nikamwambia ajaribu nione. Kagusa mara tano, kimya. Nikigusa mimi, inafunguka.

Elia Fundi: Vidole vyake hivyo. Vioo vya simu za sasa havisikii kubonyezwa, vina umeme wao mdogo, vinasikia kidole kikiuvuta. Ngozi ikikauka na kuota sugu, kioo hakioni kitu. Mafundi ujenzi wananiletea simu hapa Ipagala wakisema imekufa, kumbe saruji ndiyo imewala vidole.

Mama Mkubwa Sechelela: Jembe miaka sitini, na karanga zote zile alizomenya. Nilisema mimi. Mama hapigi picha wala hatumi meseji. Anataka kwaya yake na ngoma ya muheme, basi.

Mjomba Yona: Ndiyo maana nimefungua sanduku langu la zamani. Mnaikumbuka hii?
[picha]

Baraka: Hiyo si rimoti ya king'amuzi?

Mjomba Yona: Nyamaza wewe. Nokia 5800 XpressMusic. Inatangazwa 2008 wewe hata chekechea hujaanza.

Elia Fundi: Loo! Mjomba bado unayo? Na kile kikucha chake cha plastiki, kama cha kupigia gita?

Mjomba Yona: Kipo, nimekifunga uzi.

Baraka: Ila si ndiyo zile tachi za kukandamiza? Hata kukuza picha kwa vidole viwili huwezi.

Elia Fundi: Ndizo. Kioo kina tabaka mbili, ukibonyeza zinagusana. Watu waliilaumu sana kwa hilo, maana iPhone ilishawazoesha kutelezesha kidole tu. Hii ukitelezesha, orodha inakwenda kama baiskeli kwenye mchanga wa korongo. Lakini fikirini kidogo. Kioo hiki kinataka nguvu tu, hakiulizi ngozi. Ukucha, kijiti, hata mpini wa kijiko...

Mjomba Yona: Umeniwahi! Bibi yenu kaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, ikaitika palepale. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Neema: 😂😂 Bibi wangu mie

Mjomba Yona: Nikamwekea Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu. Spika ziko mbili, pembeni. Ile ilimba, kinanda chake cha vidole gumba, ilipoanza akanyamaza, kisha akauliza, "Huyu Mgogo kaingiaje humu?"

Mama Mkubwa Sechelela: Na marehemu katutoka tangu 2003. Umeniliza, Yona.

Baraka: Lakini spika ndogo vile besi haina. Mngemnunulia spika ya bluetooth tu.

Mama Mkubwa Sechelela: Bibi yako na besi wapi na wapi? Anataka kusikia maneno.

Elia Fundi: Mjomba, angalizo la chaji. Ina tundu la USB, ila ni la kuhamishia nyimbo, halichaji. Inachaji kwa pini ile nyembamba ya Nokia za zamani. Sola ya bibi ina pini hiyo?

Mjomba Yona: Waya wake una vichwa vingi. Ngoja.

Mjomba Yona: Kipo! Ndicho anachochajia kitochi chake.

Elia Fundi: Safi. Betri ni BL-5J, unafungua mfuniko unabadilisha. Hiyo yako umri umeenda, nitakutumia nyingine. Simu za sasa kutoa betri tu mpaka uje kwangu.

Neema: Nami nimpe konda wa basi memori kadi yangu ya GB 64?

Elia Fundi: Hapana. Kampuni yenyewe iliandika mwisho GB 16. Halafu si ile ya bei ya kutupa?

Neema: Ileile, ya kibandani. Ilionyesha 64 kweli. Nikajaza nyimbo, baada ya GB 7 hivi zikawa zinaonekana majina tu, ukipiga hazilii. Video ya ndoa ya dada iliishia humo 😭

Elia Fundi: Kadi feki hiyo. Inadanganya ukubwa, ikijaa inaandika juu ya vilivyomo. Mjomba atumie ileile ya GB 8 iliyokuja na simu. Wimbo ukila MB 5, hizo ni nyimbo kama 1,600. Bibi ataimaliza lini?

Mjomba Yona: Na redio? Nimefungua, inadai hedfoni.

Elia Fundi: Waya wa hedfoni ndio antena. Chomeka yoyote ya tundu la kawaida, kisha sauti iamuru itokee kwenye spika.

Mjomba Yona: Nimechomeka zile za Baraka zilizokufa upande mmoja. Inashika vizuri!

Baraka: Kumbe ziko huko?? Nimezitafuta mwezi mzima

Neema: Kwa hiyo humu kikundini bibi ndiyo hatakuwemo tena?

Elia Fundi: Hawezi. WhatsApp iliacha kuhudumia simu za aina hiyo tangu 2017.

Mama Mkubwa Sechelela: Afadhali, asisome mnavyomsema. Laini yake ibaki kwenye kitochi, hii iwe ya muziki.

Baraka: Sasa ile ya kabatini... naweza kuitunza mimi, isikae bure.

Mama Mkubwa Sechelela: Baraka. Ulichanga shilingi ngapi?

Baraka: _Ujumbe huu umefutwa_

Mjomba Yona: Elia, betri mpe konda wa basi la asubuhi. Bibi anauliza tunaandikiana nini muda wote huu, nimemwambia mambo ya mbegu.