Yule wa kemisti aliyeishika noti yangu kwa tishu

Mpangaji wa Manyatta

Wanajukwaa, naandika haya kabla hata sijavua viatu, kwa sababu nikingoja hasira ipoe nitaanza kumtafutia yule bwana visingizio, na hastahili hata kimoja. Sitamtaja. Kila aliyewahi kushuka matatu pale Kondele, Kisumu, akiwa na homa anamjua: ni yule anayekuuliza unaumwa nini huku mkono wake umeshaingia kwenye kopo, na ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa usiotibiwa kwa kapsuli za rangi mbili.

Leo ameishika noti yangu kwa tishu.

Nina jipu pajani. Kabla ya hilo lilikuwepo la kwapani, na kabla ya la kwapani lilikuwepo jingine mahali ambapo sitapataja, kwa kuwa mashemeji zangu wanasoma jukwaa hili. Hospitalini walilipasua, wakakamua usaha, wakachukua kidogo kwa pamba na kuupeleka maabara ili vijidudu vioteshwe na kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine. Majibu yakasema ni stafilokoko sugu, wale wanaoitwa MRSA, na kwamba penisilini za kawaida haziwafanyi lolote. Nikaandikiwa klindamaisini. Famasi ya hospitali ilikuwa imeishiwa, ndipo nikampelekea yule bwana karatasi zangu zote mbili, ya dawa na ya maabara.

Akazisoma kwa sauti. Foleni nzima ikasikia, na nina hakika hata wavuvi wa Dunga kule ziwani waligeuza shingo. "Sugu! Mama, huu si ugonjwa wa kemisti, huu ni wa kuoga." Kisha akachomoa tishu, akaikunja mara mbili, akaibana noti yangu ya mia tano kwa ncha za vidole na kuidondosha kwenye droo kana kwamba nimemletea panya aliyeoza.

Na mteja aliyenitangulia, mzee wa watu mwenye kikohozi, alikuwa ametoka kuhesabiwa kapsuli nne za amoksilini kwa mkono ule ule mtupu, uliokuwa umetoka kujikuna sikio! Sikio halikupewa tishu. Noti yangu ndiyo iliyopewa tishu. Halafu akanishauri eti nami nichukue amoksilini hizo hizo, ambazo nazo ni za ukoo wa penisilini, kwamba nikimeza mbili mbili "zitashika tu". Zishike nini, ikiwa karatasi iliyo mbele ya macho yake inasema hazishiki?

Kwa tishu, jamani!

Omena Mbichi

Pole sana, dada. Ila nina swali moja tu: kwa nini hukulipa kwa M-Pesa? Ningelipa nauli kutoka Ahero nije kumwona akiifungua simu yake kwa tishu.

Jaji wa Mtaani

Mimi napenda kusikiliza pande zote mbili. Mlalamikaji mwenyewe amekiri kuwa na jipu kwapani, pajani na mahali pasipotajwa. Kabla ya kumhukumu muuzaji, mahakama hii ingependa kufahamishwa noti hiyo ilikuwa imehifadhiwa wapi.

Mpangaji wa Manyatta

Ilikuwa kwenye pochi! Pochi yenye zipu! Na hata ingalikuwa imetoka kwenye soksi, aliyejikuna sikio hana haki ya kunikunjia tishu mara mbili.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Ndugu zangu, mnacheka jambo zito. Fleming aliigundua penisilini mwaka wa 1928, na alipotoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alikwisha kuonya kwamba mtu asiyejua akijipa dozi ndogo atawazoesha vijidudu dawa badala ya kuwaua. Hizo kapsuli nne za kikohozi ndizo alizokuwa akizizungumzia. Baadaye stafilokoko walipojifunza kuivunja penisilini, wataalamu wakaleta methisilini, penisilini ambayo hawakuweza kuivunja kirahisi, mwaka wa 1959, na kufikia mwaka wa 1961 Uingereza ilikuwa imekwisha kuripoti stafilokoko wasiojali hiyo methisilini. Hawa hawaivunji dawa tu. Wana jeni inayowapa protini nyingine ya kujengea ukuta wao, protini ambayo dawa za jamii hiyo hazinasi vizuri. Kwa hiyo mtu akimeza mbili, nne au kopo zima, kazi ya ujenzi inaendelea. Mwaka wa 2019 pekee, usugu wa kijidudu hiki ulikadiriwa kusababisha vifo zaidi ya 100,000 duniani.

Omena Mbichi

Mwalimu, kengele ya mapumziko imelia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimetoka kazini nimechoka, lakini siwezi kuipita hii. Kwanza, suala la kuoga: mtu safi kabisa hupata majipu haya. Takriban watu 3 kati ya 10 wanabeba stafilokoko puani bila kuumwa chochote, na huenda yule bwana ni mmoja wao, hasa kama vidole vyake havikuishia sikioni. Pili, kijidudu hiki husafiri kwa kugusana na kwa vitu vya kutumia pamoja, kwa hiyo tahadhari si dhambi. Ila tahadhari yenyewe ni kunawa mikono kwa maji na sabuni baada ya kila mteja, si kuwatenga wateja kwa tishu. Tatu, antibayotiki hapa Kenya kisheria huuzwa kwa cheti cha daktari, na wewe ndiye uliyekuwa nacho katika foleni nzima. Ajabu ni kwamba ndiye uliyekunjiwa tishu.

Kuhusu tiba, dada, kazi kubwa kwenye jipu hufanywa na kisu, kwa sababu dawa haifui dafu kwenye mfuko wa usaha uliofungwa. Baada ya hapo huja klindamaisini, septrini au doksisaiklini, kufuatana na majibu ya maabara, na unameza kwa siku zote ulizoandikiwa. Usilikamue mwenyewe. Lifunike, badilisha bandeji, usiazimane taulo wala wembe na mtu yeyote nyumbani, hata mume. Majipu yakizidi kurudi, muulize daktari kuhusu marhamu ya mupirosini, ambayo kwa kawaida hupakwa puani mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Ukipata homa na baridi ya kutetemeka, au wekundu ukianza kutambaa, usiende kemisti yoyote, nenda hospitali: kijidudu kikiingia kwenye damu au mfupa utalazwa na kuwekewa vankomaisini kwenye mshipa.

Mpangaji wa Manyatta

Asante sana, nesi, nimeyaandika yote. Lakini umeona alivyoikunja? Mara mbili!

Kisogo cha Nyalenda

Heri wewe ulikunjiwa tishu. Mimi kinyozi wangu hana tishu, hana spiriti, ana brashi moja aliyorithi kwa marehemu babake, na kwa brashi hiyo anatupangusa shingo wanaume wote wa mtaa kuanzia chifu hadi watoto wa chekechea. Kisogo changu kimejaa vipele vyenye usaha tangu Krismasi. Nikimwambia, ananipaka poda.

Kinyozi Aliyesoma

Naomba tusitukane taaluma. Mimi mashine yangu naipangusa kwa spiriti mbele ya mteja, na mteja mwenyewe ndiye hulalamika kwamba inamwasha. Mna vipele kwa sababu mnataka kunyolewa hadi mfupani kwa shilingi hamsini.

Kisogo cha Nyalenda

Kumbe ni wewe! Nimekutambua kwa hiyo hamsini.

Mkulima, Trans Nzoia

Mnazungumzia majipu ya watu, na mimi nina ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele ambao daktari wa mifugo amepima maziwa na kusema ni stafilokoko hao hao. Yule wa agroveti, ambaye watu wa Kiminini mnamjua, ameniuzia dawa za kusukuma kwenye chuchu, ndogo ndogo, bila kuuliza lolote, na alipoona hazifanyi kazi akaniuzia nyingine zenye jina tofauti na dawa ile ile ndani. Nimemwaga maziwa mpaka paka wa jirani wamehamia kwangu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Umefanya vyema kuyamwaga. Usiyauze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe baada ya dozi ya mwisho.

Mama Maziwa, Kakamega

Wenzako wanauza usiku huo huo! Mimi ndiye ninayenunua kutoka kwao, nikitia mala haigandi, kwa sababu dawa iliyomo inaua hata vile vijidudu vya kugandisha. Nimepata hasara ya ndoo nzima na aliyeniuzia ananiambia eti mtungi wangu ni mchafu.

Mpangaji wa Manyatta

Jamani, tishu...

Jaji wa Mtaani

Kesi ya tishu imeahirishwa. Mama Maziwa, aliyekuuzia ni yule mwenye pikipiki ya bluu?

Mama Maziwa, Kakamega

Ndiye! Kumbe hata wewe alikuuzia?

Mkulima, Trans Nzoia

Mimi daktari ameniambia kiwele kikisharudia hivi, na kijidudu kikiwa kimejichimbia ndani, mara nyingi ni bora kumtoa ng'ombe kundini asiwaambukize wengine wakati wa kukamua.

Omena Mbichi

Kwa hiyo unamuuza?

Mkulima, Trans Nzoia

Wa kuchinjwa tu, tena baada ya siku za dawa kwisha. Ni mkubwa, kutoka kwato hadi pembe hana kasoro isipokuwa hiyo chuchu ya nyuma kushoto. Bei tutaongea inboksi, na madalali wakae mbali.