Rihani za kwenye kitalu nyumba zina vumbi la kijivu chini ya jani, naomba ushauri

Habari zenu wakulima wenzangu. Niko Lushoto, nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15. Mnanaa na rozimeri havina neno, shida ni rihani. Majani yalianza kuwa ya njano katikati ya mishipa, nikadhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza samadi. Wapi! Juzi asubuhi nikageuza jani: chini kuna vumbi la kijivu linaloelekea zambarau.

Nimeng'oa mistari miwili, nimeacha kumwagilia jioni, na pazia za pembeni nazikunja mapema, ila ukungu wa hewani wa huku milimani mnaujua.

Je, huu ndio ugonjwa wa majani unaoitwa ubwiri unyoya? Na kwa kuwa majani nayauza mabichi, nipulizie dawa gani, na nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna?