Je, wageni waendelee kulala kasokoni, kando ya barafu ya Kilimanjaro?

Mleta mada

Naleta mbele yenu swali linalowagusa waongoza watalii, wapagazi, wenye kampuni za utalii na sisi wengine tunaoutazama mlima huu tukiwa majumbani. Je, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iendelee kuruhusu wageni kupiga kambi ndani ya kasoko ya Kibo, yaani shimo la volkeno lililo juu ya kilele kikuu cha mlima, ili waisogelee na kuigusa barafu ya Furtwängler, au ulalaji huo ukomeshwe?

Kwa asiyeufahamu mlima kwa karibu, hali iko hivi. Wapandaji wengi huondoka kambi ya Barafu, au Kibo kwa wanaotumia njia ya Marangu na ya Rongai, karibu na usiku wa manane, hufika ukingo wa kasoko alfajiri, huufuata ukingo huo mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, kisha huteremka siku hiyo hiyo. Wanaopitia Stella Point, mahali pa kuufikia ukingo huo, huziona kuta za barafu za kusini mkono wao wa kushoto, na upande wa kulia, chini kasokoni, huyaona mabaki ya Furtwängler. Hao sina neno nao. Ninaowazungumzia ni wachache wanaolipa zaidi ili walale ndani ya kasoko, katika kambi iliyo juu ya mita 5,700, ambako barafu iko umbali wa matembezi mafupi tu kutoka hemani. Baadhi yao hufika huko kwa kupandia Western Breach, ule ubavu wa magharibi uliobomoka.

Barafu yenyewe imebaki kidogo sana. Mwaka 1912 kilele cha Kibo kilikuwa na takriban kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia 2011 hazikubaki hata mbili, na Furtwängler, iliyokuwa pande moja, imekwisha kugawanyika. Mwaka 2002 watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani, ambao miaka miwili kabla walikuwa wameitoboa barafu hiyo na kuchukua sampuli zake, walikadiria kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yapo, jambo ambalo wengine wamelifanya kisingizio cha kuwabeza wanasayansi, kana kwamba mgonjwa aliyevuka siku aliyotajiwa na daktari amepona. Mwaka 2022 UNESCO nayo ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Tangu habari hizi zienee, biashara imepata wito mpya: wahi uione kabla haijaisha.

Msimamo wangu ni kwamba ulalaji kasokoni ukomeshwe, matembezi ya mchana yabaki, na sababu itakayotolewa isiwe kuiokoa barafu. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu marufuku yenye sababu ya uongo huwa haidumu. Barafu ya Kibo haimalizwi na viatu vya wageni. Hewa ya kileleni ina wastani wa nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya upotevu huletwa na jua kali linalozipiga zile kuta zilizosimama wima, na barafu nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Theluji mpya, ambayo ingeirudishia barafu unene wake na kuurudisha mwanga wa jua angani, hainyeshi ya kutosha, kwa kuwa hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ongezeko la joto la dunia limekuja juu ya ukavu huo. Hata mgeni mmoja asipopanda, kuta hizo zitaendelea kupungua.

Wanaoweza kuokolewa ni watu. Katika kimo kile mtu hupata takriban nusu ya oksijeni anayoipata pwani, na kulala hapo ni mtihani tofauti kabisa na kupita. Mgeni mmoja akitaka kulala kasokoni, mahema, vyakula, majiko, na mara nyingi choo cha kubebeka, hupandishwa kwa mabega ya wapagazi, nao hulala pale pale, mara nyingi wakiwa na nguo na magodoro duni kuliko ya mgeni wao. Kuhusu Western Breach, mwezi Januari 2006 mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ilifungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa tena. Barafu iliyokuwa imeyashika mawe hayo kama saruji inazidi kuondoka, na hatari haiwezi kupungua kwa mwendo huo. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako kuhusu jua na ukavu naikubali, lakini hitimisho lako limekomea nusu ya njia. Kwamba mguso wa mkono hauimalizi barafu si sababu ya kumruhusu kila mwenye fedha auweke mkono wake pale. Kule juu ni baridi na pakavu, hivyo kinachoachwa hakiozi: ganda la chungwa, karatasi ya chooni na kinyesi hukaa miaka mingi. Barafu hiyo pia ni kumbukumbu iliyohifadhiwa kwa matabaka, ikiwa na vumbi na hewa ya zama ambazo hakuna aliyeziandika, na haifai kuzungukwa na taka za wiki iliyopita.

Vilevile tusisahau kwamba kabla ya mmisionari Mjerumani Rebmann kuuona mlima huu mwaka 1848, na kabla ya wasomi wa London kumkejeli kwa kudai kuwa ameona theluji karibu na ikweta, Wachaga walikuwa na adabu zao kuuhusu. Upande unaotazama Kibo ulikuwa upande wa heshima. Mimi napendekeza kasoko yote ifungwe, usiku na mchana, na wageni watosheke na kutazama kutoka ukingoni.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mjadala uliotulia. Mimi ni mwongoza watalii, na ningependa watu wasituhurumie kwa kutuondolea kazi. Safari yenye usiku wa kasokoni kwa kawaida ni ndefu, hupitia njia ya Lemosho au ya Machame, na siku za ziada ni posho ya ziada kwa kila mpagazi. Muhimu zaidi, mgeni wa safari ndefu huwa amekwisha kuuzoea mwinuko. Matatizo makubwa ninayoyaona hayatoki kasokoni. Yanatoka kwa wanaobana matumizi na kuukimbilia mlima kwa siku tano, wakapanda haraka na kurudishwa kwa machela. Ikiwa mleta mada anajali uhai kweli, basi aanze na siku hizo tano, ambazo huwaleta wapandaji wengi mno kuliko hao wachache wa kasokoni.

Kuhusu mizigo, kanuni zipo: mpagazi habebi zaidi ya kilo 20, na mzani upo getini. Kanuni zikivunjwa, adhibiwe anayezivunja. Kufunga kambi kwa sababu mwajiri fulani hampi mpagazi begi zuri la kulalia ni kumwadhibu mpagazi mara mbili.

Na ndugu mchangiaji wa kwanza, nakuomba uelewe jambo moja kuhusu ukingoni. Mgeni anafika alfajiri, amechoka, kichwa kinamuuma, upepo unavuma, anapiga picha na ubao wa Uhuru, kisha tunamhimiza ateremke. Haioni barafu, hata kama ipo mbele ya macho yake. Wengi hurudi nyumbani wakiamini kwamba weupe wote waliouona ni barafu ya kale, kumbe sehemu kubwa ilikuwa theluji iliyoanguka juzi. Aliyesimama chini ya ukuta wenyewe na kuyaona matabaka yake ndiye anayeelewa nini kinapotea.

Mchangiaji wa tatu

Tutazame kwa wenzetu. Huko Peru, katika hifadhi ya Huascarán, barafu ya Pastoruri ilikuwa maarufu sana kwa wageni waliopenda kutembea na kuteleza juu yake. Ilipopungua, kuikanyaga kukapigwa marufuku, na njia ikatangazwa upya kuwa njia ya kujifunza mabadiliko ya tabianchi: mgeni hutembea, hutazama, huelezwa, hurudi. Hilo linampa nguvu mchangiaji wa kwanza.

Upo pia mfano wa kutahadharisha. Katika barafu ya Franz Josef, New Zealand, matembezi ya miguu yaliyoongozwa kutoka bondeni mpaka juu ya barafu yalisitishwa mwaka 2012, kwa kuwa barafu ilirudi nyuma na njia ikawa ya hatari. Biashara haikufa, wageni walianza kupandishwa kwa helikopta. Ninauleta mfano huu kwa sababu mwaka 2019 wazo la kujenga magari ya kamba Kilimanjaro lilitangazwa na serikali, na wapagazi na waongozaji walilipinga vikali. Mkiifunga kasoko kwa waendao kwa miguu, hakikisheni hamjamfungulia mlango mwenye mashine.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Kwa mchangiaji wa kwanza, taka ni hoja nzito, lakini inazidi kunipeleka kwenye msimamo wangu kuliko kwenye wako, kwani anayepita mchana kwa saa mbili haachi uchafu wa anayepika, anayekula na kulala. Sioni sababu ya kumnyima yeye nafasi ya kushuka kidogo na kusimama mbele ya ukuta. Jambo la heshima nalipokea, ingawa naona vigumu kuitumia heshima hiyo dhidi ya barafu peke yake huku tukiruhusu makumi ya maelfu ya watu kila mwaka kupanga foleni mbele ya ubao wa Uhuru.

Mwongozaji ameusema ukweli ambao mimi niliupita haraka: mwendo wa kasi ni hatari kubwa kuliko kambi ya kasokoni. Hata hivyo, hatari moja haifuti nyingine. Safari ndefu humzoesha mgeni, naye hupanda na mkoba mdogo. Mpagazi hupanda njia ile ile na mzigo kichwani, akifika analazimika kusimamisha mahema na kutafuta maji kabla hajapumzika. Kuhusu posho, siku ya ziada inaweza kulipwa mahali pa chini zaidi. Mgeni alale kambi ya Barafu au ya Kosovo siku mbili, apande mchana badala ya usiku, ashuke kasokoni akiwa na nguvu zake na mwongozaji mwenye maelezo, kisha arudi kulala chini. Idadi ya siku inabaki ile ile, na barafu ataiona vizuri kuliko aliyekesha akiugulia kichwa hemani.

Hofu ya mashine naiona ni ya haki, na ndiyo sababu sitaki marufuku hii itangazwe kwa jina la kuilinda barafu. Tukisema kwamba miguu ndiyo inayoiharibu, kesho atatokea mtu na kusema kwamba chombo kisichoikanyaga kinafaa zaidi.

Mchangiaji wa pili

Pendekezo la kupanda mchana nimelipenda kuliko nilivyotarajia, ila lina gharama ambayo hukuitaja. Mchana kokoto za kutoka Barafu kwenda Stella huwa zimelegea, zinamrudisha mtu nyuma kila hatua, wakati usiku baridi huwa imezishika. Mawingu nayo mara nyingi hufunga kabla ya adhuhuri, na mgeni aliyelipa ili aione barafu hataona kitu. Kwa hiyo ingebidi aondoke kambini saa kumi alfajiri, si saa tatu asubuhi, na awe kasokoni kabla ya saa tano. Mimi niko tayari kumpeleka kwa ratiba hiyo. Sijui kama kampuni zitakubali kuwaambia wageni wao kwamba usiku wa kasokoni, ambao picha zake ndizo zimejaa kwenye matangazo, haupo tena kwenye bei.